Kiti cha Thandeka Hakikaliwi

Shh. Shh. Shh.

Sauti hiyo niliisikia nikiwa bado koridoni mwa ukumbi wa mazoezi. Umeme ulikuwa umekatwa Newtown nzima, hapa Johannesburg, na mle ndani huoni hata mkono wako. Nikadhani kuna mtu anafagia. Nikasema moyoni, afadhali, wamempata mfagiaji, maana wiki mbili zile ufagio ulikuwa umeniganda mimi.

Nikapapasa ukuta mpaka mlangoni. Hakuna aliyekuwa anafagia. Kwenye mwanga wa taa ya betri, mzee Bakiri, mpiga ngoma, mtu wa Tanga, alikuwa ameiinamia ngoma yake akiisugua kwa brashi za waya, taratibu, macho ameyafumba.

"Shikamoo, mzee Bakiri."

"Marahaba, mlinzi. Geti umemwachia nani?"

"Mimi si mlinzi tena."

"Haya, mshairi. Mshairi, nipe hiyo chupa ya maji."

Nikampa. Lakini nilimpa huku nimekunja uso, kwa sababu mimi sikuzaliwa kubeba chupa za watu. Leo nataka kukiri, na nikianza kukiri siachi katikati: mabaya yote ya Jumatano ile yalitoka kwenye uso huo niliokunja.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nami, shika haya machache. Jina langu Hénock, wa Uvira, Kongo, miaka ishirini na minne. Nilikuwa mlinzi Midrand, kwenye geti la nyumba za wenye nazo, mpaka nikafukuzwa kwa kuandika mashairi kwenye daftari la wageni. Mkazi mmoja tu ndiye aliyeuliza yule kijana wa mashairi kaenda wapi. Ni Mswidi, Stellan Wikblad, miaka themanini na moja, kiongozi wa bendi ya jazi. Akanichukua nimshike mkono anapotembea, nimbebee mafaili yake ya muziki, na niandike maisha yake anavyonisimulia kabla hajayasahau. Maana alikuwa anasahau. Asubuhi nyingine aliniita kwa majina ya watu waliokufa.

Wiki iliyopita niliishia pale binti yake Ylva alipotua kutoka Sweden na neno lake moja.

"Jumamosi baba ana onyesho," alisema. "Akiongoza bendi yake mwanzo hadi mwisho bila kupotea, nitamwacha afie hapa anapotaka. Akipotea, Jumatatu tunapanda ndege wote wawili."

Mzee alikubali. Wakapeana mikono kama watu wanaouziana gari. Baadaye, jikoni, akaniambia, "Kijana, mke wangu amelala kwenye udongo wa mji huu. Mimi nikafanye nini kwenye theluji?"

Sasa nikuambie habari za huyo mke.

Stellan hakuja Johannesburg kutafuta dhahabu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi huko kwao, akataka mtoto naye aingie kiwandani. Mtoto akanunua klarineti kwa mjane wa jirani. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa na bendi ya watu kumi na wawili, wakizunguka kiangazi chote kwenye viwanja vya dansi, mji baada ya mji. Mara moja, wakati wa baridi, basi lao lilikwama kwenye theluji, wakapiga muziki humo humo garini ili vidole visigande. Akarekodi santuri, akapigiwa makofi, akaoa, akamzaa Ylva.

Halafu watu wakaacha kucheza jazi. Bendi iliyokuwa imefikia watu kumi na sita ikabaki watano. Watano wakabaki wawili, yeye na mpiga piano mlevi. Akaishia kufundisha watoto wa shule kupuliza filimbi.

"Ndipo nikamsikia Thandeka," alinisimulia. "Tulikuwa tunapiga kwenye ukumbi wa kanisa, Stockholm. Watu tisa wamekuja, wanne wamelala. Mwanamke mmoja akasimama nyuma akauliza, nani kiongozi hapa? Nikasema mimi. Akasema, basi kimbia, bendi yako imekutangulia."

Alikuwa mwimbaji wa Afrika Kusini, mkimbizi kama mimi, ila yeye, enzi za makaburu, aliikimbia nchi hii hii ambayo mimi nimeikimbilia. Stellan akamwacha mkewe na binti wa miaka tisa, akamfuata, wakaoana. Mwaka 1992, watu wa Thandeka walipokuwa wanarudi makwao, akamfuata tena mpaka huku. Wakaunda bendi ya viti kumi na tisa. Wakapiga miaka kumi na minane. Kisha Thandeka akafa.

Na hapa ndipo ulipo utaratibu wa yule mzee, ambao sijauona kwa mwanamuziki mwingine yeyote.

Karatasi zake za muziki haziandikwi "tarumbeta ya pili". Zinaandikwa jina la mtu. Karatasi ya Murielle, msusi wa Yeoville anayepuliza saksafoni, imeandikwa Murielle, na noti zake ni zile ambazo pumzi ya Murielle inazifikia. Ukifa, karatasi yako hapewi mtu. Inabaki kwenye stendi, mbele ya kiti chako, na bendi inapiga ikiwa na tundu pale ulipokuwa wewe. Viti kumi na tisa, wazima kumi na mmoja.

Tundu kubwa kuliko yote ni la Thandeka. Kuna wimbo wenye jina lake, ndio unaofunga kila onyesho. Bendi inapiga, inashuka, inanyamaza, na kwa vipimo kumi na viwili, kama nusu dakika, husikii kitu ila brashi ya Bakiri. Ndipo mahali alipokuwa akiimba yeye. Kisha Mzee anavuta pumzi, anainua mkono, na wote wanaingia.

Nusu dakika hiyo ilikuwa inaniudhi.

Kwetu, matanga yakiondolewa, wazee wanamshika mrithi mkono na kumkalisha kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu. Mama yangu, Marthe, nilimwona kwa macho yangu akikalishwa kwenye kiti cha bibi, akilia. Kiti kikiachwa wazi ni aibu. Ni kusema marehemu hakuacha mtu. Na huyu Thandeka, miaka kumi na mitano kiti kiko wazi, na mshairi nipo, nimeshika chupa ya maji!

"Mzee Bakiri," nikamuuliza. "Kile kiti cha mbele mbona hakikaliwi?"

"Mwenyewe yupo safarini."

"Si alikufa?"

"Umeniuliza kiti au umeniuliza kifo?"

"Ninachosema, mtu angeweza kukaa pale, akasema hata neno la kumkumbuka."

Akafumbua macho. "Wewe mtoto, usikiguse. Huo ni utaratibu wa Mkhulu." Ndivyo bendi nzima walivyomwita Stellan, Mkhulu, yaani babu kwa Kizulu.

"Utaratibu usio na sababu ni ushirikina, mzee wangu."

"Sharp, sawa, profesa. Kaa na sababu zako, mbali na ngoma yangu."

Murielle, aliyekuwa anafuta saksafoni yake, akacheka. Angecheka mtu mwingine yeyote ningesahau. Alicheka Murielle.

Saa nane na nusu Ylva akamleta baba yake. Akamfikisha mbele, kisha akaenda kuketi mstari wa nyuma, mkoba magotini, kama msimamizi wa mtihani. Mzee akashika penseli, maana yeye huongoza kwa penseli. Na mtu huyo ambaye asubuhi alinivalisha mimi koti lake akidhani ni langu, akanyooka mgongo, akasema, "Bakiri, usikimbie. Murielle, leo usinionee huruma." Wakaanza.

Nyimbo sita hakupotea hata mahali pamoja. Nikamtazama Ylva. Alikuwa anatikisa mguu bila kujijua.

Wakafika kwenye wimbo wa Thandeka. Bendi ikashuka. Ikanyamaza. Brashi ikabaki peke yake. Mzee akainamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

Nikainuka. Nikatembea mpaka mbele, nikakaa kwenye kiti cha Thandeka, mgongo wima, kama mrithi anavyokaa. Nikatoa sauti yangu yote:

*Mama uliyeondoka, kiti chako nakitwaa,*
*Wimbo uliokatika, ulimini wanijaa,*
*Moto uliozimika, ninauwasha wang'aa,*
*Jina halitafutika, nimekuwa yake taa.*

Lilikuwa shairi zuri. Hata leo silikani.

Brashi ikasimama. Hakuna aliyeingia. Nikageuka kuona kwa nini. Wote kumi na mmoja walikuwa wamemkodolea macho Mzee, na Mzee alikuwa bado ameinama, kiganja sikioni, mkono mwingine haujainuka.

"Nani yuko pale?" akauliza.

"Ni mimi, Mzee. Hénock."

"Ulikuwa unasema nini?"

"Nilimwambia Mama Thandeka kwamba kiti chake nakitwaa."

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga.

"Tena," akaiambia bendi. "Bila kijana."

Nikaondoka kwenye kiti. Wakapiga, wakashuka, wakanyamaza. Shh. Shh. Vipimo kumi na viwili vikapita. Vikapita vingine kumi na viwili. Bakiri anasugua, jasho linamtiririka, mkono wa Mzee hauinuki.

"Mkhulu?" akaita Bakiri kwa sauti ndogo.

"Tena."

Mara ya tatu ikawa hivyo hivyo. Mara ya nne penseli ikaanguka chini.

"Simsikii," akasema.

Ylva alikuwa ameshasimama. "Humsikii nani, baba?"

"Huwa anaimba pale. Miaka yote hii anaimba pale, mstari mzima, na akimaliza anavuta pumzi, nami ndipo nainua mkono." Akanionyesha kwa kidole, bila hasira, kama mtu anayeonyesha mahali panapovuja. "Sasa nikifika pale namsikia huyu."

Mimi nikajaribu. Nikisema ukweli, hata wakati ule nilikuwa bado nataka kuwa mwenye akili kuliko wote.

"Basi ihesabiwe! Vipimo ni kumi na viwili. Mzee Bakiri agonge mara moja vikiisha, wote waingie."

"Na Mkhulu asimame pale mbele kama robot, hiyo taa ya magari, iliyokatiwa umeme?" Bakiri aliuliza. "Binti yake anamtazama! Eish, wewe. Sisi hatuhesabu. Miaka kumi na mitano hatujahesabu. Tunamtazama yeye, na yeye anamsikiliza mkewe. Ndiyo sababu uliyokuwa unaitafuta. Umeipata?"

Nilikuwa nimeipata.

Mzee akaketi ukingoni mwa jukwaa, akaanza kujipapasa mifuko kama aliyepoteza funguo. Kisha akaacha.

"Ylva," akasema, "hiyo ndege ya Jumatatu inaondoka saa ngapi?"

Ungedhani Ylva angefurahi. Hilo ndilo lililomleta. Akaziba mdomo kwa kiganja, akageukia ukuta.

Nikatoka nje. Nilitaka kutukana mtu, lakini kila niliyemfikiria hakuwa na kosa. Murielle akanifuata mpaka kando ya barabara, saksafoni bado inaning'inia shingoni.

"Uko wazimu, Hénock? Ulifikiri ule muzee alikuwa anangojea weye?"

"Nilitaka kumheshimu marehemu."

"Ulitaka watu wakuone."

"Kwetu kiti hakiachwi wazi, Murielle. Hata kwenu Lubumbashi unajua."

"Ninajua. Lakini kwetu mrithi anakalishwa na wazee. Weye nani alikukalisha?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Mimi, niliyejibishana na meneja wa Midrand mpaka akasahau alichokuwa ananifukuzia.

Magari yakapita. Murielle akavuta pumzi kama anayetaka kupuliza, akaiachia.

"Sikiliza. Kuna dada ya Thandeka, Mama Nokwazi. Binti yake ninamusukaka nywele. Ananiambia mama yake iko na kaseti. Thandeka anaimba ule wimbo, peke yake, jikoni, anapika. Wameifungia ndani ya kopo ya biskuti."

"Mzee anajua?"

"Anajua. Aliiomba siku ya maziko. Yule mama akamuambia, dada yetu umemuzika na matarumbeta, hukungoja ng'ombe yetu ya matanga, hukungoja wazee yetu. Kwangu hutasikia hata kikohozi yake. Akafunga mlango. Bakiri alijaribu. Wote walijaribu."

"Mimi hajanikatalia bado. Nyumba iko wapi?"

Murielle anajua habari zangu ambazo nyinyi sijawaambia, ingawa tumekaa pamoja majuma mengi.

"Alexandra," akasema.

Basi niwaambie. Nilikuwa na kaka, Jacques. Alikuwa fundi cherehani, alikuja mji huu kabla yangu, akapanga chumba Alexandra. Mei 2008, wageni walipokuwa wanawindwa, majirani zake walimtoa chumbani humo wakampiga kwa sababu alitamka neno kwa lafudhi ya kwetu. Alikaa hospitali siku tatu, akafa. Nilikuwa na miaka saba. Walipotuletea habari, mama hakulia mbele yangu. Na mwaka niliofunga mzigo kuja huku alinishika masikio yote mawili, akaniapisha: kaa popote, fanya kazi yoyote, lakini pale usikanyage. Nikaapa. Miaka minne nimezunguka mji huu, hata teksi inayopita kule sipandi. Nimewaambia watu ni kiburi. Si kiburi. Naogopa.

"Binti wa Mama Nokwazi hawezi kuileta mpaka saluni?" nikauliza.

"Nilimuomba mwaka jana. Mama yake alimupiga kofi."

"Na Bakiri akirudi?"

"Bakiri alibeba tarumbeta pale kaburini, siku hiyo ngoma ilikatazwa. Yule mama anamukumbuka sura." Akanitazama. "Miye sikutumi, Hénock. Nimekuambia tu. Usiseme nilikutuma."

Tukarudi ndani. Umeme ulikuwa umerudi, na mwanga ule mweupe ulimfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Wanamuziki walikuwa wanakusanya vyombo vyao kimya kimya. Ylva alikuwa anamvalisha baba yake koti, na Mzee ameinua mikono yote miwili kama mtoto wa shule ya chekechea, anangoja mikono ya koti imfikie.

Sijawahi kumpigia mtu goti. Hata mwenye nyumba ninapochelewa kodi huwa namsubiri nimesimama. Siku hiyo nilipiga, kwenye sakafu ileile niliyoifagia wiki mbili, ili macho yangu yawe sawa na yake.

"Mzee. Kaseti ya Mama Thandeka ipo. Ukimsikia tena, utaweza kumsikia pale?"

Hakuelewa mara moja. Kisha akatikisa kichwa. "Nokwazi hatoi," akasema.

"Nikiileta?"

"Mwache," Ylva akasema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Usimwahidi mtu kitu ambacho hukishiki mkononi. Yeye aliniahidi mimi. Alisimama mlangoni na sanduku la klarineti, akasema atarudi kabla theluji haijayeyuka. Nilikaa dirishani mpaka mwezi wa sita."

Mzee aliyesahau koti lake akainua kichwa, akamtazama bintiye.

"Lilikuwa na pazia la njano," akasema. "Lile dirisha."

Ylva akaacha kufunga kifungo alichokuwa anakifunga. Akabaki amekishika hivyo hivyo, hakifungi wala hakiachii.

"Hénock," Bakiri akaniita kutoka nyuma ya ngoma zake. "Najua kaka yako alifia wapi. Murielle aliniambia. Nyamaza, mwanangu. Hakuna atakayekulaumu ukinyamaza."

Nilimsikia. Nilimsikia pia mama, na vidole vyake masikioni mwangu. Lakini mkono wa Mzee ulikuwa umeshanishika bega, na ulikuwa mwepesi mno, kama hauna mtu ndani yake.

"Kesho asubuhi naingia Alexandra," nikasema, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. "Nitagonga mlango wa Mama Nokwazi mpaka aufungue. Na Jumamosi, kabla hujapanda jukwaani, utaisikia sauti ya mkeo. Nakuahidi, Mzee. Mimi Hénock, mwana wa Marthe, mdogo wake Jacques, nakuahidi."